KITAMBI HUJENGWA NA NANI?
Somo juu ya vimeng'enya vya mafuta mwilini

Nimepewa nafasi katika sehemu hii ya Kiswahili niandike jambo moja la elimu ya viumbe, nami nimechagua habari ya mafuta ya mwili. Habari hii huzungumzwa sana mabwenini na majumbani, lakini mara nyingi kwa mzaha. Mtu akiota kitambi husemwa kuwa amepata kazi nzuri; akikonda husemwa kuwa ana shida. Wengine hushikilia ya kuwa kitambi huja na umri tu, kama mvi. Wengine husema huletwa na kula mafuta, basi asiyekula mafuta hawezi kunenepa. Maneno hayo yote yana ukweli wa nusu, na ukweli wa nusu katika mambo ya afya ni hatari.

Nataka kuonyesha ya kuwa mafuta ya mwilini hayaji yenyewe. Yako mafundi wanaoyajenga na mafundi wanaoyabomoa, na mafundi hao hufuata amri. Tukijua mafundi ni nani na amri hutoka wapi, tutajua pia ni wapi tunaweza kutia mkono wetu na ni wapi hatuwezi.

1. MAFUNDI WENYEWE

Mafundi hao huitwa vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi moja maalumu mwilini, nayo yenyewe haimalizwi na kazi hiyo. Ukitaka kuona kimeng'enya kikifanya kazi, huhitaji maabara. Chukua kipande cha posho au cha muhogo uliochemshwa, ukitafune kwa dakika moja au mbili bila kukimeza. Utaona ladha yake inageuka kuwa tamu kidogo. Hukutia sukari. Mate yako yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, nacho kimeukata wanga kuwa sukari.

Ndani ya chembe hai za ini, na kwa kiasi kidogo katika chembe za mafuta, wako mafundi wengine ambao hufanya kinyume chake: huchukua sukari iliyozidi na kuigeuza mafuta. Kwanza sukari hukatwakatwa hata vibaki vipande vidogo vyenye kaboni mbili mbili. Hapo ndipo anapokuja fundi wa kwanza, aitwaye asetili-KoA kaboksilesi. Mimi nitamwita Bawabu, kwa maana yeye ndiye afunguaye mlango wa kazi yote. Yeye hutia kaboni moja katika kipande cha kaboni mbili na kukifanya kiitwacho maloni. Hawezi kazi hiyo bila vitamini iitwayo bayotini, ambayo sisi huipata katika mayai, karanga na maini.

Fundi wa pili ni fati-asidi sinthesi, nitamwita Mwashi. Yeye huanza na kipande cha kaboni mbili, kisha huongeza kaboni mbili kwa kila mzunguko, akikitupa kile kipande cha tatu alichotia Bawabu. Hufanya hivyo mara saba. Fanya hesabu: mbili, ukiongeza kumi na nne, ni 16. Mnyororo huo wa kaboni 16 huitwa asidi ya palmiti, nayo ni ile ile ipatikanayo kwa wingi katika mafuta ya mawese. Kisha minyororo mitatu hufungwa pamoja juu ya kitu kiitwacho gliseroli, na hapo tumepata mafuta kamili, tayari kuwekwa ghalani. Mtaalamu mmoja wa mambo haya, Feodor Lynen wa Ujerumani, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964 pamoja na Konrad Bloch kwa kazi yao juu ya asidi za mafuta na kolesteroli.

Wako wengine wawili wa kukumbuka. Mmoja ni Mpokezi, yaani lipoprotini lipesi. Yeye hukaa katika kuta za mishipa midogo kabisa ya damu, akiyakata mafuta yanayopita katika damu ili yaingie katika chembe za jirani. Akiwa mwingi katika misuli, mafuta huenda kuchomwa. Akiwa mwingi katika ghala la tumboni, mafuta huenda kukaa. Wa mwisho ni Wabomoaji, nao ni lipesi za ndani ya chembe za mafuta. Hao hufungua ghala wakati wa njaa na wa kazi. Elimu hii bado ni changa: yule mbomoaji anayekata mnyororo wa kwanza alitambuliwa mwaka 2004 tu.

2. KWA NINI MWILI UWEKE AKIBA?

Tusidhani kuwa mafuta ni adui. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, na gramu moja ya wanga au sukari hutoa 4. Ini na misuli ya mtu mzima huweza kuweka akiba ya wanga ya karibu gramu 500, yaani kilokalori 2,000. Hiyo ni posho ya siku moja tu. Lakini kijana mwenye kilo 9 za mafuta anabeba kilokalori 81,000. Kwa hesabu tu, hizo ni chakula cha siku arobaini.

Tena fikiri: akiba ya wanga haikai kavu, bali kila gramu yake hushika maji ya karibu gramu tatu. Kama kijana yule angetaka kubeba kilokalori hizo 81,000 kwa njia ya wanga, angepaswa kubeba kilo 20 za wanga na kilo 60 za maji. Asingeweza hata kuinuka kitandani! Ndiyo sababu mwili huchagua mafuta. Babu zetu waliopitia miaka ya nzige na ya ukame waliokolewa na ghala hilo. Taabu yetu ni kwamba ghala lililojengwa kwa ajili ya njaa halijui kuwa duka liko ng'ambo ya barabara.

3. AMRI HUTOKA KWA HOMONI

Mafundi hawafanyi kazi kwa kupenda kwao. Hungoja amri, na amri huletwa na homoni, ambazo ni matarishi wanaosafiri katika damu.

Tarishi mkuu wa kujenga ni insulini, itokayo katika kongosho. Ukila, sukari hupanda katika damu na insulini hutoka. Hutangaza hivi: Bawabu afungue mlango, Mwashi aongezwe, Mpokezi wa ghalani apokee, na Wabomoaji wakae chini. Ukikaa na njaa au ukikimbia, insulini hushuka, na matarishi wengine huja na amri za kinyume. Glukagoni, nayo ya kongosho, humfungia Bawabu wa ini. Adrenalini, itokayo katika tezi zilizo juu ya figo, huwaamsha Wabomoaji.

Hapa kuna jambo moja la ajabu ambalo nalipenda kuliko yote katika somo hili. Ile maloni anayoitengeneza Bawabu si tofali la kujengea tu. Pia hufunga mlango ambao asidi za mafuta hupitia kwenda kuchomwa. Kwa hiyo katika chembe ile ile, wakati wa kujenga mafuta, kuyachoma hupungua sana. Mwili hauna desturi ya kujenga nyumba mchana na kuibomoa mchana huo huo. Mtu anayekunywa kitu kitamu tangu asubuhi hadi usiku, kidogo kidogo, huifanya insulini isipate nafasi ya kushuka sawasawa, na Wabomoaji wake wanakosa zamu.

Nguvu ya amri ya insulini ilionekana wazi zamani. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepatwa na kisukari cha kukosa insulini alikonda hata akabaki mifupa, ingawa alikula. Chakula kilikuwapo na mafundi walikuwapo, lakini amri ya kujenga haikuja, na Wabomoaji hawakuzuiwa na mtu. Insulini iligunduliwa na Frederick Banting na Charles Best huko Toronto, Kanada, mwaka 1921. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa wa kwanza kudungwa, naye akapata nafuu. Watoto waliokuwa wakingoja kufa walirudishiwa nyama mwilini.

Homoni nyingine huamua mafuta yakae wapi. Estrojeni ya wanawake huyaelekeza mafuta nyongani na mapajani, ambako hayana madhara makubwa na ambako huwa akiba ya kunyonyeshea mtoto. Hedhi ikikoma kwa umri, estrojeni hupungua na mafuta huanza kuhamia tumboni. Testosteroni huwasaidia wavulana kujenga misuli, na misuli ni jiko la kuchomea mafuta. Kotisoli, homoni ya taabu na mashaka, ikizidi kwa muda mrefu pamoja na insulini, hulijaza ghala la tumboni. Na chembe za mafuta zenyewe hutoa leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huupasha ubongo habari kuwa akiba ipo.

4. CHAKULA

Sasa tuseme juu ya sahani. Je, ni kweli kwamba mafuta ya mwili hutoka katika kula mafuta? Kwa mtu anayekula chakula cha kawaida cha mchanganyiko, sehemu kubwa ya mafuta ya ghalani hakika yalitoka katika mafuta aliyokula, kwa maana hayo hayahitaji kazi nyingi: Mpokezi huyapokea yakiwa karibu tayari. Lakini haifuati kwamba wanga hauna lawama. Mwili huichoma sukari kwanza na kuweka mafuta kando. Kwa hiyo anayekula matoke yaliyojaa sahani pamoja na chapati iliyokaangwa, hutumia matoke na kuweka akiba mafuta ya chapati. Na akiba ya wanga ikiwa imejaa kabisa, na bado mtu anaendelea kula, Bawabu na Mwashi huongezwa katika ini, na wanga nao hugeuzwa mafuta.

Sukari ya dukani ina hila yake. Nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi. Fruktosi nyingi huchukuliwa na ini, nayo huingia kwa njia ya pembeni isiyo na kizuizi kile kinachopunguza mwendo wa glukosi. Ikija kwa wingi, huongeza mafundi wa kujenga, na ini lenyewe huanza kujaa mafuta. Chupa ya soda ya mililita 500 yaweza kuwa na gramu 50 za sukari au zaidi, ambazo ni vijiko vya chai kumi na zaidi. Hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angetia vijiko kumi katika kikombe cha chai mbele ya mama yake. Tunda zima, kama embe au chungwa, ni jambo jingine: sukari yake ni kidogo kwa kulinganisha, na nyuzi zake huifanya iingie polepole.

Pombe nayo hutoa kilokalori 7 kwa gramu, tena ini likianza kushughulika nayo huacha kuchoma mafuta mpaka limalize. Kaka zetu mnielewe bila mimi kusema zaidi.

Viko vyakula vinavyowatuliza mafundi. Maharage, kunde, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa huiachilia sukari kidogo kidogo, na insulini haipandi kwa kishindo. Mafuta ya samaki nayo yamechunguzwa katika wanyama, na yameonekana kupunguza vimeng'enya vya kujenga mafuta katika ini.

Jambo jingine ni kujinyima kwa pupa. Panya walioachwa na njaa siku mbili, kisha wakapewa chakula cha sukari nyingi, vimeng'enya vyao vya kujenga mafuta katika ini vilipanda kupita hata kiasi cha kwanza. Panya si mtu, lakini onyo tumelipata: kukaa na njaa kali juma zima na kula kwa kufidia Jumapili si dawa ya kitambi.

5. UMRI

Nimekuja penye swali lililonifanya niandike. Mjomba wangu alisoma hapa, akawa mlinda mlango wa timu ya shule. Sasa ana miaka 46. Mwaka jana daktari alimwambia kuwa ana kisukari cha aina ya pili, ile ambayo insulini ipo lakini chembe za mwili haziitikii vizuri. Mjomba alishangaa, akaniambia, "Mwanangu, mimi sili zaidi ya nilivyokula shuleni." Nami naamini alisema kweli. Basi ni kitu gani kilichobadilika?

Jibu la haraka la watu ni kwamba moto wa mwili huzimika mtu akifika miaka thelathini. Mwaka 2021 wataalamu walitoa hesabu za watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, tangu watoto wa siku nane hadi wazee wa miaka 95. Walikuta kwamba, ukipima kwa kulingana na ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu hukaa karibu pale pale tangu miaka 20 hadi 60. Ndipo huanza kupungua polepole. Kwa hiyo mtu wa miaka 46 hawezi kumtupia umri lawama yote.

Lakini umri hauna mikono mitupu. Majaribio ya mabomu ya atomiki yaliyofanywa hewani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza hewani aina ya kaboni iitwayo kaboni-14, ambayo tangu wakati huo imekuwa ikipungua mwaka kwa mwaka. Mimea huivuta, nasi huila. Kwa kuipima kaboni hiyo katika mafuta ya mtu, wataalamu wa Sweden waliweza kujua mafuta yake yamekaa ghalani muda gani. Wakaona kwamba kwa wastani hukaa mwaka mmoja na nusu hivi, kisha huondolewa na mengine huingia. Mwaka 2019 walitoa habari za watu 54 waliofuatwa kwa wastani wa miaka 13. Kwa wote, wanene na wembamba, mwendo wa kuyaondoa mafuta ghalani ulipungua kwa kadiri umri ulivyoendelea. Wale ambao hawakupunguza chakula chao waliongezeka uzito kwa wastani wa asilimia 20.

Basi hesabu ya mjomba imepatikana. Wajenzi wake wanaletewa matofali yale yale ya zamani, lakini Wabomoaji wamelegea. Chembe za mafuta za mtu mzima huitikia adrenalini kwa unyonge kuliko za kijana. Homoni ya ukuaji hupungua, testosteroni hupungua polepole, na misuli isiyotumiwa huyeyuka. Kubwa zaidi, mlinda mlango aliyekuwa akiruka kila jioni sasa huketi ofisini mchana kutwa na hurudi nyumbani kwa bodaboda. Panya waliozuiwa kusimama kwa siku moja tu walionekana kupungukiwa sana na kazi ya Mpokezi katika misuli ya miguu. Majaribio hayo yalitolewa mwaka 2003. Mafuta yakikosa mpokezi katika misuli, yatakwenda kwa mpokezi wa tumboni. Tena mafuta ya ndani ya tumbo na ya ini huzidi kuzifanya chembe zisiisikie insulini. Kongosho nalo hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, mpaka lichoke. Huo ndio mwanzo wa kisukari chake.

6. YATUPASA NINI?

Haba na haba hujaza kibaba. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia chenye gramu 10, kikizidi kila siku bila kutumiwa, ni gramu 3,650 kwa mwaka. Mwili husawazisha hesabu hiyo kwa sehemu, lakini hausawazishi yote.

Umri hatuuwezi, wala hatuwezi kuziamrisha homoni kwa mdomo. Lakini insulini hufuata sahani, na Mpokezi wa misuli hufuata miguu. Sisi tulio shuleni tusijidanganye kwa wembamba wetu. Mpira, jembe na safari za kwenda kisimani ndivyo vinavyotulinda, si ujana peke yake. Tukiondoka hapa na kuchukua sahani ya shule huku tukiuacha uwanja wa shule nyuma, tutafika alipofika mjomba. Nanyi kaka zetu, punguzeni sahani kwa kadiri miaka inavyoongezeka, soda na pombe ziwe za nadra, na mwendo wa miguu usiachwe. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, kupunguza mafuta ya tumboni na ya ini huweza kuzirudishia chembe usikivu wake. Lakini dawa asiiache bila neno la daktari.

Kipimo chepesi ni hiki. Chukua kamba iliyo sawa na kimo chako, uikunje mara mbili, uizungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, Wajenzi wako wameshinda. Nenda ukapimwe sukari ya damu kabla hujaona dalili yo yote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini posho iliyotafunwa muda mrefu huwa tamu?
2. Maloni ina kazi gani mbili?
3. Eleza kwa nini mtoto asiye na insulini hukonda ingawa anakula.
4. Mtu wa miaka 45 asema, "Nimenenepa kwa sababu ya umri tu." Mjibu kwa hoja mbili: moja ya kumkubali na moja ya kumkataa.
5. Mpime kwa kamba mtu mzima mmoja wa nyumbani kwenu, kwa ruhusa yake na kwa heshima, kisha umweleze ulichojifunza.